Kutoka kwa mpagazi mpaka kwa shofere: namna watu wetu walivyojifunza barabara ya mbali



Katika ziara zetu za mwaka huu kwenye vikundi vya ushirika, kuanzia Uvira mpaka Baraka na Fizi, kuna ombi moja lililorudi karibu kila mahali. Vijana wanaomba mfuko wetu wa kusaidiana uwalipie mafunzo na permi ya kamio. Wazazi wengine wanakubali mbio mbio. Wengine wanakataa kabisa: kwao, shofere wa safari ya mbali ni mtu wa kufa njiani, au wa kuacha watoto katika kila kituo. Mkutano mkuu ndio utakaoamua. Na sote tunajua mfuko wetu si mkubwa: pesa ya kumfundisha shofere mmoja ingeweza kununulia familia kadhaa mbuzi au mashine ya kushona.

Sisi tunaofanya kazi ya kutembea kwenye vikundi hatuna kura katika mkutano. Lakini tumeona vema, kabla watu hawajainua mikono, tukumbushane historia ya kazi hii. Maana shofere wa leo hakutoka hewani. Namna anavyofundishwa, namna anavyolipwa au asivyolipwa, hata maneno anayotumia, vyote vina mizizi ya zamani. Mtu akijua mzizi, anajua pia mahali pa kukata.

Wakati mzigo ulikuwa kichwani

Kabla ya kamio kulikuwa na mpagazi. Katika karne ya 19, misafara ya pembe ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika na kuingia huku kwetu mpaka Kasongo na Nyangwe. Kutoka pwani mpaka Ujiji peke yake ilikuwa mwendo wa miezi mitatu hivi, na zaidi kama mvua au vita vimefunga njia. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi kichwani au begani, na juu yake mkeka wake, sufuria na chakula. Lugha hii tunayoandika ilifika kwetu kwa njia hiyo hiyo, pamoja na mizigo, na pamoja na mateso ya watumwa pia. Tusisahau upande huo.

Upagazi nao ulikuwa na shule yake. Kwa Wanyamwezi, kijana alianza angali mdogo, akabeba mzigo mwepesi pembeni ya wakubwa, akajifunza visima viko wapi, nani anatoza hongo, na mahali gani watu hawalali. Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Huyo hakuwa mwenye mali. Cheo chake kilitoka katika kuijua njia. Tushike jambo hilo, maana litarudi: tangu zamani, mtu wa barabara ya mbali amefundishwa na mtu mwingine wa barabara, huku akitembea, na mara nyingi bila mshahara.

Vita vya kwanza vya dunia vikaonyesha upagazi umefika mwisho wake mbaya. Jeshi la Wabelgiji lilipoingia Afrika Mashariki ya Wajerumani na kufika Tabora mwaka 1916, mizigo yake ilibebwa na watu. Waliochukuliwa Kongo kwa kazi hiyo, wengi kwa lazima, walipita 200,000. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Baada ya hapo wakubwa wa koloni wenyewe waliona kwamba biashara haiwezi kuendelea hivyo: vijiji vilibaki bila wanaume, na mashamba bila mikono.

Reli, ziwa, kisha kamio

Wakati ule ule chuma kilikuwa kinakaribia. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Upande wetu, reli ya Kabalo ilifika Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwaka 1915. Katanga ilikuwa imekwisha kupata ya kwake: garimoshi lilifika Elisabethville mwaka 1910, likitokea kusini. Mwaka 1921 Waingereza na Wabelgiji walitia sahihi mapatano yaliyowapa Wabelgiji nafasi zao wenyewe katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Watu wakaziita Belbase. Kwa hiyo mtu akishangaa leo kuona mizigo ya Kongo imejaa Dar es Salaam, ajue ni jambo la zaidi ya miaka mia moja.

Lakini reli haifiki kila kijiji. Kati ya kituo cha reli na machimbo, kati ya bandari ya ziwa na mashamba ya pamba au kahawa, ilibaki nafasi kubwa. Nafasi hiyo ndiyo ilijazwa na kamio baada ya mwaka 1920. Barabara zilichimbwa kwa jembe na mikono ya watu wa vijiji, na vijiji hivyo hivyo vililazimishwa kuzitunza: kujaza mashimo, kufyeka kando, kutengeneza madaraja ya miti. Wazee wetu wanakumbuka neno kantonye, mtu wa kutunza kipande chake cha barabara. Kaskazini, kampuni ya Vicicongo, iliyoanzishwa mwaka 1924, iliendesha reli ndogo ya Uele pamoja na makamio mengi yaliyokusanya pamba na kupeleka bidhaa mbali na reli.

Hapo ndipo Mkongomani wa kwanza alishika usukani kama kazi. Kwanza mzungu aliendesha na mwafrika akapakia. Baadaye kampuni ziliona kwamba mshahara wa mzungu ni mkubwa mno kwa kazi ya kukaa siku nne katika matope. Wakaanza kufundisha wenyeji, kidogo kidogo, katika garaje zao na katika misheni zilizokuwa na ufundi. Shofere akawa mtu wa sifa mtaani: ana viatu, anajua kusoma namba, analeta chumvi na habari.

Jeshi lilikuwa shule kubwa

Shule iliyotoa mashofere kwa wingi haikuwa ya padri wala ya kampuni. Ilikuwa jeshi. Katika vita vya pili vya dunia, Force Publique ilipelekwa Ethiopia, na Julai 1941 ikapokea mateka wa Waitalia kule Saio. Baadaye kikosi kingine kilipelekwa Nigeria, na mwaka 1943 sehemu yake ikavuka bara kutoka Nigeria mpaka Misri kwa makamio, kupitia mchanga wa Sudan. Fikiri kidogo: vijana waliozaliwa katika misitu na vilima vyetu, wakiendesha kwa msafara wa magari katika jangwa, maelfu ya kilomita, kwa kufuata sheria moja: nafasi kati ya gari na gari, zamu ya kupumzika, kuangalia maji na mafuta kila asubuhi, kutomwacha mwenzako aliyekwama.

Waliporudi nyumbani, wengi wao hawakutaka tena jembe. Waliingia kwenye kampuni za machimbo, kwa wafanyabiashara, kwenye misheni. Nidhamu ya kuzunguka gari kabla ya kuwasha motere, ambayo mashofere wazee wa Kalemie na Bukavu wanaisisitiza mpaka leo, ina harufu ya jeshi ndani yake. Ni shule nzuri, lakini ilikuwa na ubaya wake: ilifundisha kwa fimbo. Na fimbo hiyo ilihamia kwenye kamio za raia.

Boyi-shofere

Kutoka hapo ikazaliwa desturi ambayo kila mtu anaijua. Huku kwetu tunamwita boyi-shofere. Tuliokaa Tanzania tunasema utingo, na Kenya wanasema taniboi. Kazi ni ile ile, na ngazi zake hazibadiliki sana.

Ngazi ya kwanza ni kuosha gari na kupakia. Boyi anajifunza kwamba mzigo mzito unakaa chini na katikati, karibu na ekseli, na kwamba kamba iliyolegea kwenye mlima inaweza kugeuza gari. Ngazi ya pili ni kigingi: gari likisimama kwenye mteremko, boyi anaruka na kuweka gogo au jiwe nyuma ya tairi. Kazi hiyo imekata miguu ya vijana wengi, maana gari likirudi nyuma, yeye ndiye yuko hapo. Ngazi ya tatu ni mapine: kubomoa, kubandika, kupuliza, na kulinda usiku. Boyi analala juu ya mzigo ili mazutu na betri zisiibiwe. Ngazi ya nne ni motere: kutia grisi, kubadili chujio, kusikia kwa sikio kwamba kuna kitu hakiko sawa. Ndipo siku moja, ndani ya kiwanja, shofere anamwachia usukani arudishe gari nyuma mita kumi. Halafu kipande cha barabara iliyonyooka. Halafu usiku, wakati shofere amechoka.

Safari hiyo kutoka kigingi mpaka usukani inaweza kuchukua miaka mitatu, saa ingine mitano au zaidi. Mshahara mara nyingi hakuna. Boyi anakula kwa shofere, na anapata franga kidogo kutoka kwa wasafiri waliopanda juu ya mizigo. Akiharibu kitu, anaandikiwa deni. Kuna vijana tunaowajua walioondoka kwa patro wao wakidaiwa zaidi ya walichowahi kupata.

Hata hivyo tuseme haki. Desturi hii ina kitu ambacho shule nyingi hazina. Anayetoka hapo anajua gari mwili mzima. Akikwama siku sita porini kati ya Fizi na Kalemie, hatakaa kulia. Ubaya wake ni mwingine: boyi anarithi pia makosa yote ya shofere wake. Kama mkubwa wake anateremka mlima na gia imetolewa ili asitumie mazutu, mdogo naye ataona njo ujanja wa kazi. Na kama hakuna karatasi, miaka mitano yote haionekani popote.

Njia ya jehanamu

Mwaka 1965, tarehe 11 Novemba, wazungu wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao. Zambia, iliyokuwa inapitisha karibu kila kitu kusini, ikajikuta imefungiwa mlango. Ikalazimika kuleta mafuta kwa barabara kutoka Dar es Salaam, kwa mapipa juu ya malori, katika barabara ya udongo ya karibu kilomita 2,000. Mvua ikinyesha, matope. Ikikauka, vumbi ambalo shofere haoni gari lililo mbele. Watu waliiita njia ya jehanamu, na kando yake mabaki ya malori yalihesabika kama nguzo za simu.

Mwaka 1966 serikali za Zambia na Tanzania zilianzisha kampuni yao ya malori. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola lilifunguliwa mwaka 1968. Barabara ikatiwa lami polepole, na reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970, ikakabidhiwa mwaka 1976. Lakini miaka ile michache ya shida ilizaa kizazi kizima cha madereva, na Tanzania ikaelewa kwamba usafirishaji unahitaji chuo. Mwaka 1975 Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilianzishwa Dar es Salaam, na mpaka leo kinafundisha madereva wa magari makubwa. Hilo ni somo: wenzetu waliona hasara njiani, wakajenga darasa.

Sisi Zaire tulikwenda upande mwingine. Tulikuwa tumepata INPP mwaka 1964, kwa kufundisha ufundi, na Ofisi ya Barabara mwaka 1971. Lakini mwaka 1973, kwa amri ya zairianizasio, biashara za wageni ziligawanywa kwa watu ambao wengi hawakuwa wa kazi hiyo. Makamio yakatumika mpaka yakaisha, bila vipuri. Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, mlango mkubwa wa shaba ya Katanga. Barabara zikafunikwa na majani. Kufika miaka ya 1980, mahali ambapo babu alipita kwa siku moja, mjukuu alipita kwa wiki. Shofere mzuri akawa si yule anayejua sheria, bali yule anayejua kutoka katika matope na kuzungumza na askari wa bariere. Elimu ya matope ni elimu, ndiyo. Lakini haimwandai mtu kwa barabara ya lami yenye mizani na kamera.

Miaka ya kambi

Halafu ikaja vita ya mwaka 1996, na ile ya 1998. Hatuna haja ya kuwaeleza wanamemba jambo ambalo waliliishi. Kwa wafadhili wetu tuseme tu: watu wa Uvira na Fizi walivuka ziwa kwenda Kigoma, wakapokelewa Nyarugusu tangu mwisho wa 1996 na Lugufu tangu 1997. Wa Moba na Pweto walikimbilia Zambia, katika kambi za Mwange na Kala.

Katika kambi hizo, kijana aliyetaka kuwa dereva alikuwa na mlango mmoja tu: kupakua magunia ya unga na maharage kwenye malori ya chakula. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 ilimfunga ndani ya eneo la kambi. Kutoka zaidi ya kilomita nne kulihitaji ruhusa. Angewezaje kusomea leseni ya gari kubwa mjini? Wengine walitoroka wakawa utingo katika njia za Kasulu, Kibondo na Kahama, bila jina lao halisi, bila bima, na bila mtu wa kulalamikia wakiumia. Walijifunza Kiswahili cha barabara, walijifunza kuendesha upande wa kushoto, na Kiingereza kidogo cha karatasi za mzigo. Lakini hawakupata hata cheti kimoja.

Tangu Oktoba 2005 meli zilianza kuturudisha, kutoka Kigoma mpaka Baraka na Uvira. Kutoka Zambia watu walirudi tangu 2007. Vijana wale walishuka bandarini na ujuzi kichwani, mikono mitupu. Kuna wanaume wa miaka thelathini na kitu katika ushirika wetu ambao wanaweza kufungua giaboksi ya lori la Kijapani na kuifunga tena, lakini mbele ya rulaje wao si shofere. Ni boyi bado. Tunapozungumza juu ya mfuko, hao nao wakumbukwe, si vijana wa miaka ishirini peke yao.

Sange, 2010

Kuna tarehe moja ambayo hatuwezi kuiruka. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka Sange, katika barabara ya Uvira na Bukavu. Mafuta yalimwagika. Watu walikuja na bido na mabeseni kuchota. Jirani pale wengine walikuwa wamejaa kuangalia mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipowaka, walikufa zaidi ya watu 230, wakiwemo watoto na wanawake. Tunapita pale kila mwezi kwa kazi, na makaburi tunayaona.

Hatuandiki hili kwa kumhukumu mtu yeyote. Tunaliandika kwa sababu linaonyesha shofere wa mbali anabeba nini hasa. Habebi mzigo wa patro tu. Anabeba kijiji anachopita ndani yake. Mtu aliyefundishwa kwa mizigo ya hatari anajua kwamba gari la mafuta likipinduka, kazi ya kwanza ni kufukuza watu, kuzima kila moto na sigara, kuweka alama mbali mbele na nyuma, na kuita wakubwa wa kijiji. Na kijiji kilichofundishwa kinajua kukimbia. Mafunzo yote mawili hayagharimu kiwanda. Yanagharimu siku chache na mtu wa kufundisha.

Barabara ya leo inadai nini

Leo sehemu kubwa ya shaba na kobalti ya Katanga inatoka kwa malori kupitia Kasumbalesa, kwenda Dar es Salaam, Durban, Beira au Walvis Bay. Kwa Dar es Salaam ni karibu kilomita 2,000. Huku kwetu mashariki, bidhaa zinatoka Mombasa na Dar es Salaam zikipita Uganda, Rwanda au Burundi. Tangu mwaka 2022 inchi yetu ni memba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mlango umefunguka, lakini una masharti.

Kwanza, karatasi. Permi ya gari ndogo haitoshi kwa kamio, na ya kamio haitoshi kwa gari lenye remorke. Juu yake kuna pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo inakubaliwa katika inchi nyingi za ukanda wetu.

Pili, mizani. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 inaweka mwisho wa tani 56 kwa gari zima na mzigo wake, na kila ekseli ina kipimo chake. Shofere aliyezoea huku kwamba gari linajazwa mpaka kamba ikatae, atalipishwa faini kubwa kule, na mara nyingi patro atamkata yeye.

Tatu, upande wa barabara. Kongo, Burundi na Rwanda tunaendesha kuume. Tanzania, Zambia, Uganda na Kenya ni kushoto. Hatari si pale mpakani, maana pale kila mtu yuko macho. Hatari ni kesho yake alfajiri, unapotoka kwenye kituo cha mafuta umelala saa tatu tu, na mwili unarudi kwenye mazoea yake.

Nne, milima. Kitonga kule Iringa na Ngomo huku kwetu kati ya Kamanyola na Bukavu zinafundisha kitu kimoja: teremka kwa gia ambayo ungepandia. Breki ikikamatwa muda mrefu inapata moto, na ikipata moto haishiki tena. Motere ndiyo breki ya kwanza. Anayetoa gia ili abakize lita chache za mazutu za kuuza, anauza maisha yake na ya wengine kwa bei ya lita hizo.

Tano, kungoja. Mpakani mtu anaweza kukaa siku nyingi kwenye foleni. Pesa ya chakula inaisha, pombe iko karibu, na upweke pia. Ukimwi ulisafiri kwa barabara hizi tangu miaka ya 1980, na familia zetu zinajua. Kijana afundishwe hili wazi, na mke wake aambiwe pia.

Historia inatuambia tufanye nini

Tukiangalia njia yote hii, kutoka kirangozi mpaka dereva wa tani 56, tunaona mambo manne ambayo tunayaweka mbele ya mkutano.

La kwanza: permi bila miaka ya kamio ni hatari, na miaka ya kamio bila permi ni utumwa. Mfuko ukilipa permi peke yake, tutakuwa tumenunua karatasi. Na karatasi ya kununua bila mtihani, ambayo kila mtu anajua inapatikana, mfuko usiiguse hata kwa bei ya chini. Afadhali tulipe vyote viwili kwa mpango mmoja: miezi ya garaje kwanza, halafu uboyi chini ya shofere anayejulikana, halafu mtihani.

La pili: uboyi uandikwe. Karatasi moja tu, kati ya patro, kijana na ushirika: atakula nini, atapata franga ngapi kwa wiki, deni la kitu kilichoharibika linahesabiwaje, atapewa usukani baada ya muda gani, na akiumia nani anampeleka hospitali. Wapagazi hawakuwa na karatasi hiyo. Boyi wa mwaka 1950 hakuwa nayo. Hakuna sababu wa leo aikose. Patro akikataa kutia sahihi, tumeshajua jibu lake.

La tatu: tuanze na wale waliorudi na ujuzi bila cheti. Hao wanahitaji muda mfupi na pesa kidogo: kitambulisho, kozi ya sheria za barabara, mtihani. Wakifaulu, wao ndio watakuwa walimu wa vijana, na wanajua pande zote mbili za ziwa. Na tusifunge mlango kwa wasichana. Wapo wawili walioandika ombi, na garaje haiulizi jinsia ya mkono unaoshika spana.

La nne: pesa irudi. Kama katika likelemba, anayepokea leo anamfungulia wa kesho. Shofere akianza kulipwa, arudishe kidogo kidogo katika mfuko. Kwa njia hiyo familia inayongoja mbuzi haitasema imenyang'anywa. Itangoja zamu tu.

Wako wanamemba watakaosema bado ni ghali, na kwamba barabara yetu ya Fizi na Kalemie haina hata madaraja ya kutosha. Ni kweli. Lakini madaraja yatakapokuja, mizigo itapita mbele ya milango yetu. Swali ni kama watoto wetu watakuwa ndani ya kabini, au chini na kigingi mkononi, kama babu zao.

Mkutano mkuu utasoma mapendekezo haya kikundi kwa kikundi. Mwenye shofere mzee nyumbani, amlete. Mwenye mtoto aliyekufa barabarani, naye aje aseme. Sauti yake inahitajika kabla ya kura, si baada.